Kiumbe Hai

Katika miaka zaidi ya thelathini niliyofanya kazi ya kufasiri, nimefasiri tungo, hadithi, hotuba za wakubwa, na mara mbili tatu hati za mirathi zilizoletwa na jamaa waliokuwa wameshagombana kabla ya kunifikia mimi. Kazi zote hizo zilinipa taabu, kila moja kwa namna yake, lakini hakuna hata moja iliyoninyima usingizi. Iliyoninyima usingizi ilikuwa na karatasi tisa tu, wala haikuwa na ubeti ndani yake. Ilikuwa ni makala ya kitaalamu juu ya saratani ya mfupa, na aliyeniletea ni jirani yangu, mama wa kijana aliyekuwa na maradhi hayo.

Nimeona nieleze namna nilivyoifasiri, kwani katika kurasa kama hizi tumezoea kuijadili tafsiri kuwa ni jambo la ladha: neno lipi tamu, kina kipi kimekaa mahala pake, mfasiri gani ameikhini matini na gani amekuwa mtumwa wake. Mimi mwenyewe nimeshiriki mijadala hiyo kwa hamasa, na pengine kwa kiburi. Tangu karatasi tisa zile, siisikilizi tena kwa sikio lile la zamani.

Mwaka 2019 kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 16. Alikuwa mchezaji mpira wa mtaani kwetu, mwenye mbio, na kila jioni tulimsikia akirudi kabla hatujamwona, kwa vile alivyokuwa akipiga kelele za magoli aliyofunga na mengine ambayo hakuyafunga. Maumivu yalianzia juu kidogo ya goti la kushoto. Sote tulidhani ni mpira. Alikandwa kwa mafuta, akafungwa bendeji, akapewa vidonge vya kutuliza, akasomewa. Jambo tusilolizingatia ni kuwa maumivu yale yalizidi usiku, naye kalala, wakati ambapo goti lililoumia uwanjani aghlabu hupata nafuu. Miezi ikapita. Goti likavimba, ngozi ikawa inang'aa, na kelele za magoli zikakatika. Alipopigwa picha, ikaonekana mfupa umechafuka. Akavushwa bahari kwenda Dar es Salaam, kikachukuliwa kipande kidogo cha mfupa kikapimwa, na jina likatoka: osteosakoma.

Nilipolisikia jina hilo nililifanya kama ninavyoyafanya maneno yote nisiyoyajua. Nililivunja. Limetoka katika Kiyunani: mwanzo wake ni mfupa, katikati ni nyama, mwisho ni uvimbe. Nyama iliyoota mfupani. Neno saratani nalo nilikuwa nikilijua zamani kuwa katika Kiarabu maana yake ni kaa, yule yule wa buruji ya nyota, na kwamba Wayunani na Warumi nao waliyaita maradhi haya kwa jina la kaa. Mataifa matatu yameangalia uvimbe mmoja, wakaona mnyama mmoja. Sisi wa pwani tunamjua kaa kuliko wengi: hushika na hashikiki, na ukimwona hapa, tundu lake liko kwengine.

Kisha nikaanza kuuliza na kusoma, si kwa ajili ya kufasiri bali kwa ajili ya jirani. Nilijifunza kuwa osteosakoma ni saratani adimu, ikiwapata watu watatu au wanne hivi katika kila watu milioni moja kwa mwaka, lakini miongoni mwa saratani zinazoanzia mfupani kwa vijana, hiyo ndiyo iliyo mbele ya zote. Huwapata zaidi katika miaka ile wanayorefuka kwa haraka, na hupendelea mahala mfupa unaporefukia: mwisho wa mfupa wa paja, mwanzo wa mfupa wa muundi, kisha mfupa wa mkono karibu na bega. Seli zake husafiri kwa njia ya damu, na bandari zinayoipenda ni mapafu. Kabla ya miaka ya 1970, tiba ilikuwa ni kukata kiungo tu. Na katika kila wagonjwa kumi waliokatwa, wanane hivi walikufa, kwa sababu mbegu zilikwisha kufika mapafuni kabla ya msumeno kufika mguuni.

Miaka hiyo ya 1970 ndipo dawa zilipoanza kutumika pamoja na upasuaji. Wengi wetu tumewahi kulisikia jina la Terry Fox, kijana wa Canada aliyekatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa maradhi haya haya, na mwaka 1980 akaanza kuikata nchi yake kwa mbio, na mguu mmoja wa bandia, ili watu wachangie utafiti wa saratani. Alikwenda siku 143 na kilomita 5,373. Alisimama kwa sababu saratani ilikuwa imeshafika mapafuni, akafariki mwezi wa Juni 1981, na umri wake miaka 22. Kijana wetu alipohadithiwa kisa hicho aliuliza jambo moja tu: huyo mtu kwa siku alikuwa akikimbia masafa gani. Nikapiga hesabu, nikamwambia ni karibu kilomita 38. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mguu wa bandia wa zamani, Ami."

Hospitalini alianzishiwa dawa mbili kuu. Ya kwanza ni doksorubisini, dawa nyekundu, jamaa ya ile iliyopatikana kwa bakteria wa udongo wa kusini mwa Italia. Inapoingia mwilini hata mkojo hugeuka rangi. Kijana, ambaye ni Yanga wa kuzaliwa, alinipigia simu siku ya kwanza kulalamika kuwa wamemtia Simba mwilini. Ya pili ni sisplatini, ambayo ndani yake mna madini ya platini. Mwaka 1965, huko Marekani, Barnett Rosenberg alitangaza kuwa amepitisha umeme katika maji yenye bakteria kwa vipande vya platini, akaona bakteria wameacha kugawanyika. Hakuwa akitafuta dawa ya saratani. Platini iliyoyeyuka majini ndiyo iliyowazuia, na kutokana na ajali hiyo njema, dawa ikapatikana.

Baada ya duru za mwanzo za dawa hizo, madaktari walimwambia mama yake kwamba mguu lazima ukatwe, juu ya goti. Hapo ndipo aliponijia na karatasi tisa.

Zilikuwa zimetumwa na jamaa yake aliyeko Muscat, zikachapishwa katika duka la fotokopi, zikatiwa ndani ya mfuko wa plastiki uleule wa picha za mguu. "Mwalimu," aliniambia. Watu wa mtaa huniita hivyo ingawa sijasomesha skuli hata siku moja, na mwenyewe skuli niliiacha mapema, Kiingereza nikikiokota katika kamusi na redioni. "Mwalimu, nimeambiwa humu imo dawa inayoifuata saratani ndani ya mfupa, ikainyima chakula mpaka ife, na mguu ukabaki. Nisomee. Shamba la karafuu aliloniachia baba, mnunuzi yupo. Kama dawa imo, tunaondoka. Mguu wa mwanangu siutoi."

Nilimwomba wiki moja.

Kichwa cha makala kilikuwa na maneno mawili yaliyonishughulisha siku ya kwanza yote. La kwanza ni lile ambalo wataalamu wetu huliandika umetaboli. Asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya mabadiliko, lakini nikimwambia mama yule kuwa dawa hii "inalenga mabadiliko ya saratani", nitakuwa sikumwambia kitu. Maana yake ni kazi yote ya seli ya kupokea chakula, kukivunja, kukifanya nguvu, na kwa mabaki yake kujijenga. Nikaona nimwambie jiko. Kila seli ina jiko lake, na makala hii inazungumzia namna ya kulizima jiko la saratani bila ya kuyazima majiko ya nyumba nyengine.

Na jiko hilo lina historia yake. Katika miaka ya 1920, Mjerumani Otto Warburg aligundua mjini Berlin kwamba uvimbe wa saratani hula sukari kupita kiasi na kuitema ikiwa haijamalizika kuungua. Seli iliyo salama, ikiwa na hewa ya oksijeni, huichoma chembe moja ya sukari mpaka mwisho na kupata vipimo kama 30 vya nguvu. Seli ya saratani, hata kama oksijeni ipo tele, aghlabu hushika njia ya mkato: hupata vipimo viwili tu, na kilichobaki hukitoa nje kuwa tindikali. Warburg, aliyepata Tunzo ya Nobel mwaka 1931 kwa kazi yake juu ya upumuaji wa seli, aliamini kuwa jiko la saratani limevunjika. Waliokuja baada yake wameona kwamba katika saratani nyingi jiko ni zima. Israfu ile ina sababu: anayejenga nyumba usiku na mchana hahitaji moto tu, huhitaji na matofali, na sukari iliyovunjwa nusu ndiyo inayotoa matofali ya seli mpya. Siku hizi hospitali zenye mashine kubwa humtia mgonjwa sukari iliyochanganywa na mionzi kidogo, kisha hupiga picha kuona wapi sukari imekimbilia. Mlafi hujifichua kwa ulafi wake.

Neno la pili ni nano. Hilo nalo ni la Kiyunani, na maana yake ni mbilikimo. Katika vipimo, nanomita ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni. Unywele wa kichwa una upana wa nanomita 80,000 hivi au zaidi; vyombo vinavyozungumzwa katika makala za namna hii huwa na upana wa nanomita 100, pengine chini ya hapo. Vyombo, nimesema, kwa sababu ndivyo nilivyomfahamisha: ni majahazi madogo yasiyoonekana, yaliyopakiwa dawa, yakatiwa katika mkondo wa damu. Wala si ndoto tupu. Tangu mwaka 1995 Wamarekani waliidhinisha ile ile dawa nyekundu ya doksorubisini ikiwa imefungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta, ili isiuchome moyo wa mgonjwa kama inavyouchoma ikipita uchi. Na mwaka 2009 nchi za Ulaya ziliidhinisha kwa ajili ya osteosakoma khasa dawa nyengine iliyofungwa katika vifuko vya mafuta, mifamutaidi, ambayo kazi yake ni kuziamsha kinga za mwili.

Lakini majahazi ya makala ile yalikuwa na shehena ya ajabu zaidi, na nakiri kuwa usiku niliposoma ukurasa wa nne na wa tano nilisahau mama, mtoto na shamba, nikabaki kustaajabu kama anavyostaajabu mtu mbele ya utungo uliopangwa na bingwa. Chombo kimepakwa alendronati, dawa wapewayo wazee ambao mifupa yao imepungua uzito, kwa sababu dawa hiyo hushikamana na madini ya mfupa; hiyo ndiyo rubani. Ndani mna kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidezi, ambacho huigeuza sukari ya uvimbe kuwa tindikali na haidrojeni peroksidi, ile dawa inayotoa povu kidondani. Kwa hivyo adui ananyang'anywa chakula, na chakula hicho hicho kinafanywa sumu yake. Pamoja nacho mna chuma, ambacho huibadilisha peroksidi hiyo kuwa kitu kikali zaidi kinachorarua seli, kwa kanuni aliyoieleza Henry Fenton mwaka 1894. Na kwa kuwa kimeng'enya hakifanyi kazi pasi na oksijeni, na ndani ya uvimbe oksijeni ni haba, mnatiwa na manganizi, ambayo huirudisha oksijeni kutokana na peroksidi ile ile. Mwisho, kwa kuwa sukari imo katika damu yote na kimeng'enya kikimwagika njiani kitawaunguza walio salama, chombo kimefungwa kwa kufuli lisilofunguka ila penye tindikali. Na tindikali iko wapi? Iko pale mlafi anapoitema. Saratani hujifungulia mlango mwenyewe.

Fikra yenyewe ya kumghilibu adui kwa chakula chake si ngeni. Sidney Farber, huko Boston, alieleza mwaka 1948 jinsi alivyowatibu watoto wenye saratani ya damu kwa dawa iliyofanana na vitamini ya foliki, na saratani ikarudi nyuma kwa muda. Seli huipokea kama mtu anavyompokea mgeni aliyevaa kanzu ya ukoo, kisha ikagundua kuwa kazi haiendi. Ndugu ya dawa hiyo, methotreksati, ndiyo iliyotiwa katika tiba ya osteosakoma tangu miaka ya 1970, kwa vipimo vikubwa mno, na baadaye mgonjwa hupewa dawa ya kumwokoa nayo. Hospitali zisizoweza kupima kiwango chake katika damu aghlabu huiacha, kwa kuwa bila ya kipimo ni khatari. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wetu.

Kwa dawa hizo za zamani, zikitangulia upasuaji na kuufuatia, takriban theluthi mbili ya wagonjwa ambao saratani yao haijaonekana mapafuni huwa hai baada ya miaka mitano, katika nchi zilizo na vifaa. Ikishaonekana mapafuni, hawafiki theluthi moja. Hesabu hizo hazijasogea sana tangu miaka ya 1980. Ndiyo sababu watu wenye akili nyingi wanahangaika na majahazi ya mbilikimo, na ndiyo sababu siwezi kuwacheka.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Katika ukurasa wa kwanza, kwenye muhtasari ambao jamaa wa Muscat aliusoma na kuishia hapo, waandishi walisema kuwa tiba yao ilizuia ukuaji wa uvimbe "in vivo". Ni maneno mawili ya Kilatini, na tafsiri yake ni nyepesi: ndani ya kilicho hai. Jamaa yule aliyafahamu sawasawa, akamwandikia mama kuwa dawa imejaribiwa "katika mwili hai" na imefaa. Hakusema uongo hata kwa herufi moja. Nami, lau ningeyafasiri neno kwa neno, kwa uaminifu ule ule tunaousifu barazani, ningeandika "katika kiumbe hai", na hapana mhakiki yeyote ambaye angenishika kosa.

Ukurasa wa sita ndio uliosema ni kiumbe gani. Walikuwa panya. Panya wadogo wa maabara, waliozalishwa bila ya kinga kamili, wakapandikizwa seli za saratani ya binadamu. Kabla yao, seli zilizomo katika visahani vya kioo. Baada yao, hapakuwa na mtu.

Nilikaa na neno hilo siku tatu. Mtu aliyezoea kufasiri tungo anajua kishawishi cha kulainisha. Ningeweza kusema "wanyama", likawa kubwa na la heshima. Ningeweza kusema "majaribio ya awali", kama wanavyosema wenyewe. Nilijaribu hata kutunga beti za kumliwaza mama yule. Vina vilikubali, lakini kila nilipofika kwenye habari yenyewe, ukweli ulikataa kuingia katika mizani. Nikasoma zaidi, nikakuta kwamba mwaka 2016 watafiti walizikusanya tafiti nyingi za vyombo hivi, zote za wanyama, wakaona kwamba katika dozi iliyotiwa damuni, kiasi cha kati kilichofika kwenye uvimbe hakikufika hata asilimia moja, kilikuwa 0.7. Shehena nyengine hukamatwa njiani, khasa na ini na bandama. Bahari ni kubwa, na majahazi ni madogo.

Siku ya saba alikuja baada ya alasiri. Nilimsomea zote tisa, kwa Kiswahili, polepole, bila ya kuruka. Alifurahi aliposikia habari ya rubani. Alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi aliposikia habari ya mlafi kujifungulia mlango. Nilipofika ukurasa wa sita nikasema, panya.

"Panya?"

"Panya, dada."

"Hakuna mtu hata mmoja?"

"Katika karatasi hizi, hakuna."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, si kwa hasira, "Basi kwa nini wameandika?" Nikamjibu kuwa wameandika ili mwengine aendelee walipofikia wao, na kwamba dawa nyekundu anayopewa mwanawe nayo siku moja ilikuwa karatasi na panya. Akasema, "Lakini wewe si daktari." Nikamwambia ni kweli, mimi si daktari, na kwa hivyo nilichoweza kumpa ni yale yaliyoandikwa tu, bila ya kupunguza wala kuongeza. Kama anaona nimekosea, twende pamoja tukaulize.

Tulikwenda. Tulivuka kwa boti ya asubuhi, karatasi zimo katika mfuko wake wa plastiki. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mdogo kuliko nilivyotazamia. Alizisoma kwa makini, hakuzidharau. Akasema kazi hii ni nzuri, na Mungu awape umri walioifanya; lakini haipo hospitali yoyote ulimwenguni atakayokwenda mtoto akapewa hiki kilichoandikwa hapa, na anayemwambia kuwa ipo, anaitaka karafuu yake. Mapafu bado meupe, akasema. Kila wiki tunayoipoteza, siwezi kuahidi kuwa yatabaki hivyo.

Kijana alikuwa kitandani, hana nywele hata moja, anatusikiliza. Aliniita. "Ami, hao panya walipona?"

Sikuwa nimelitafuta jawabu hilo. Ilinibidi nizifungue tena karatasi pale pale, ukurasa wa saba. Uvimbe ulikuwa umepungua sana. Lakini majaribio yalipomalizika, panya wote waliuliwa, wale waliopewa dawa na wasiopewa, ili uvimbe wao utolewe na kupimwa uzito. Nilimtazama mama yake, naye akanitazama. Nilikuwa nimeshamsomea mama yake ukweli wote; sikuona kuwa mwenye mguu astahiki pungufu. Nikamwambia.

Alifikiri. "Basi mimi bora," akasema. "Mimi watanipima wanirudishe nyumbani."

Mguu ulikatwa wiki ile. Akamaliza duru za dawa zilizobaki, na mama akauza nusu ya shamba, nauli na dawa na mguu wa bandia vikaimaliza.

Kijana yu hai. Anatengeneza simu katika kibanda kilichopo njia ya kwenda sokoni, ana mabishano ya mpira kuliko alipokuwa akicheza, na kila inapofika siku ya kupigwa picha ya mapafu, mtaa mzima hujifanya una shughuli nyengine mpaka arudi. Kuna wanaonipongeza. Husema, Mwalimu, tafsiri yako ndiyo iliyomwokoa. Hawajui kuwa maneno hayo hunisumbua. Kilichomtibu ni dawa za zamani, msumeno, na nusu ya shamba la karafuu. Theluthi mbili si watu wote. Yuko mtoto mwengine aliyelazwa naye chumba kimoja, aliyepewa kila alichopewa huyu, naye hakurudi kwao. Lau kijana wetu angekuwa ndiye asiyerudi, watu wangesema Mwalimu alimzuia mama asimpeleke mwanawe kwenye dawa mpya, na neno katika ukurasa wa sita lingekuwa panya vile vile.

Hilo ndilo nililojifunza, na nalileta kwa wenzangu wa kalamu kwa unyenyekevu, kwani wengi wao wamenizidi elimu. Tumefundishana kwamba mfasiri mbaya ni yule anayeongeza au kupunguza. Mimi nimeona maneno mawili yakifasiriwa kwa usahihi kamili, na usahihi huo ukakaribia kumchukulia mtoto nafasi yake ya kuishi. Aliyesema "mwili hai" hakukosea lugha. Alikosa kuuliza anayesikiliza atafahamu nini, na kwa kufahamu hivyo atauza nini. Msomaji wa ushairi akipotea maana, hupotea kwa jioni moja, na pengine upotevu wenyewe una ladha. Wako wasomaji wengine wanaosoma kwa mguu wa mtoto.

Karatasi tisa ninazo mimi, katika mtoto wa meza. Nilitaka kumrudishia mama yule, akakataa. Alisema niziweke, kwa sababu siku moja wataandika nyengine, na katika ukurasa wa sita hapatakuwa na panya, na siku hiyo nisimwombe wiki nzima. Kijana naye, nikipita kibandani kwake, huniuliza bila ya kuinua kichwa katika simu aliyoifungua: "Ami, bado panya?"

Bado, humwambia. Lakini wanaendelea.